Aliyetunza Mikono Yetu

Tulimwita Mama Stoo, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikumsikia mtu akimwita kwa jina lingine. Hata mume wake, alipokuja kumfuata jioni na baiskeli, alisimama getini akamwambia mlinzi, "Naomba uniitie Mama Stoo." Kwenye daftari la mahudhurio alitia saini kwa kuchora kitu kama ndege anayepaa, na hakuna aliyejisumbua kutafuta herufi ndani ya ndege huyo. Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sikumuuliza.

Stoo yake ilikuwa mwisho wa uwanja wa kampuni, nyuma ya karakana, pale ambapo ukuta unapakana na reli iendayo Kigoma. Ilikuwa na dirisha moja, na vioo vyake vilipakwa rangi ya bluu ili jua lisiingie, kwa sababu jua huuchosha mpira. Ukiingia asubuhi kutoka kwenye ule mwanga mkali wa mchanga wa Tabora, ilikuwa kama umezama majini. Macho yalichukua muda kuona. Kwanza uliona poda ikielea hewani, ile poda nyeupe aliyoipaka ndani ya glovu ili zisigandane. Kisha uliona rafu, na kwenye rafu glovu za mpira, kila jozi ndani ya mfuko wake wa turubai, zimesimamishwa vidole vikiangalia juu. Mwishowe ulimwona yeye, amekaa kwenye stuli, amevaa koti jeupe kama muuguzi, anakutazama mikono.

Hicho ndicho alichokitazama kwanza kwa kila mtu. Nilipofika pale nikitoka chuo cha ufundi, mtoto wa wakulima wa Kwihara na mwanamke pekee kwenye kikosi cha mafundi tisa, nilimsalimia kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akaipima kwa uzi, kiganja na kila kidole, akafunga mafundo kwenye uzi ule na kuutundika ukutani kwenye msumari. Kulikuwa na nyuzi nyingine nane. Kisha akagusa bangili yangu ya shaba.

"Hii itabaki hapa kila asubuhi."

"Ni ya bibi yangu, mama. Sijawahi kuivua."

"Bibi yako hapandi nguzo."

Akaleta kopo tupu la maziwa ya unga, akaandika KABULA kwa chokaa, akaitia bangili humo. Makopo yalikuwa yamepangwa chini ya meza. Ndani yake zilikaa pete za ndoa, saa, mikufu, rozari za Wakatoliki wenzangu. Kila kitu cha chuma kinachogusa ngozi kilishinda stoo, na jioni kila mtu alirudishiwa chake. Fundi mmoja aliwahi kusahau pete yake kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na mke wake akaja mwenyewe stoo kuulizia. Mama Stoo alimwonyesha kopo, akamkalisha, akampa chai, na nadhani aliiokoa ndoa ile.

Tulikuwa kampuni ndogo ya ukandarasi wa umeme. Tulivuta laini vijijini, tulifunga transfoma, tulitengeneza paneli za mashine za kusaga na maghala ya tumbaku. Kazi nyingi tulizifanya umeme ukiwa umezimwa. Lakini zipo kazi ambazo umeme hauzimwi, unafanya huku moto uko ndani ya nyaya, na kwa kazi hizo kilichokuwa kati yetu na kaburi ni vitu alivyotukabidhi yule mama: glovu za mpira, na juu yake glovu za ngozi za kuulinda mpira usichomwe na ncha za waya, mkeka wa mpira wa kusimamia, kofia ngumu yenye kioo cha kufunika uso, koleo na bisibisi zenye mishikio iliyofunikwa vizuri.

Kupima kwake glovu kulikuwa kitu cha kutazamwa. Aliishika glovu pale mkono unapoingilia, akaizungusha haraka hewa ikanaswa ndani, akaikunja kutoka upande wa kifundo mpaka vidole vikavimba. Kisha akaisogeza shavuni na kufumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa ngozi. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano hutoa pumzi, na pumzi ile shavu hulitambua kabla ya sikio. Nilipenda kumtazama katika ile bluu, amefumba macho, mkono wa mpira uliojaa hewa umemgusa uso. Treni ya mizigo ikipita, alisubiri mpaka mabehewa yaishe na kimya kirudi, ndipo aendelee.

Alikuwa na maneno yake. Akikukabidhi testa, kile kifaa cha kuonyesha kama waya una moto, alikuambia uijaribu kwanza kwenye soketi ya ukutani pale stoo, uone inawaka. "Ukifika huko ipimie kazi yako. Halafu ijaribu tena mahali penye moto, ujue haikufa njiani." Kuhusu mtu aliyekuambia kwamba ameshazima, alisema, "Mwamini, halafu kapime." Kufuli na kibao chekundu kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI, alivitoa pamoja na ufunguo mmoja tu, na ufunguo ule alitaka ukae mfukoni mwa anayeshika waya, si wa msimamizi wala dereva.

Siku moja fundi wetu kijana alikuja kavaa jezi ya mpira wa miguu chini ya ovaroli. Mama Stoo akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ni ya plastiki."

"Ni jezi ya timu yangu, mama."

"Ikishika moto haitaungua, itayeyuka. Itakaa na wewe mpaka uzeeni. Kavae pamba."

Akampa fulana ya mume wake. Jamaa alishinda siku ile kwenye paneli za mashine akiwa na fulana kuukuu ya kwaya ya Moravian iliyomfika magotini.

Pamoja na ukali wote huo, nyumbani kwake Ng'ambo alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikwenda huko mara kadhaa. Aliipua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akiongea, bila hata kuharakisha. Alikata mboga huku anatazama dirishani. Alipanda baiskeli ya mume wake kwa kukaa upande, hashiki kitu, akifuma kitambaa njia nzima mpaka kazini. Na umeme aliuogopa kama mtoto. Nyumba ilikuwa na taa moja sebuleni, na taa hiyo aliiwasha kwa kubonyeza swichi kwa mwiko wa ugali, amesimama mbali, uso ameugeuza. Nilicheka mara ya kwanza.

"Mama, swichi ni ya plastiki. Haina neno."

"Wewe umesomea," akasema. "Mimi umeme naujua kwa vile unavyowarudisha watu."

Na aliamini ndoto. Mtu asiyekubali neno lolote bila kulipima aliamini ndoto bila kupima chochote. Asubuhi nyingine ulimsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," akaitika, kisha akakutazama kwa muda na kusema, "Nimekuota unatembea juu ya waya, pekupeku, unakwenda Kwihara kwenu." Siku hiyo glovu zako zilipimwa mara mbili, na buti zako ulizivua akazikagua soli. Hatukumcheka. Unapofanya kazi ambayo hatari yake haionekani wala hainuki, unashukuru mtu akikuota.

Mara moja tu alipanda nasi gari hadi Urambo, kukagua vifaa vilivyohifadhiwa kwenye ghala la mteja. Ilikuwa kiangazi. Njia ile ilionekana kama inaelea, miti ya miombo imesimama kwenye mvuke wa joto bila miguu. Hakusema kitu mpaka tukapita Usoke. Kisha akasema, kama anayeongea na kioo cha gari, "Njia hizi zilipitiwa na wapagazi, na meno ya tembo mabegani. Miezi na miezi. Na hakuna aliyewakagua hata viatu." Dereva akapunguza mwendo, sijui kwa nini. Tukaenda hivyo polepole kwa muda, na mimi niliyezaliwa kando ya njia hiyo, na kupelekwa na shule kuangalia tembe, ile nyumba ya udongo alimokaa mzungu mmoja msafiri wa zamani, kwa mara ya kwanza niliwaona wale watu wana nyayo.

Mwanzoni alikuwa makini kama mtunza stoo yeyote mzuri. Ukali ninaousimulia ulikuja baadaye, na mimi najua ulikotoka, kwa sababu mimi ndiye niliyeuleta.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Msimu wa soko la tumbaku ulikuwa umeshika, na tuliitwa kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja katika njia ya Urambo. Paneli yake kuu ilikuwa na kebo iliyolegea, inatoa cheche. Tulikwenda wawili na dereva: Maganga, fundi wetu mkubwa kuliko wote, na mimi. Asubuhi ile tulichelewa, na dereva alikuwa anapiga honi nje ya stoo mfululizo. Mama Stoo alitukabidhi mifuko huku akilalamika juu ya honi.

Ghala lilijaa wakulima na marobota yao. Mwenye ghala alimsihi Maganga asizime umeme. "Mizani inasoma, fundi. Nikizima hawa watu watalala hapa." Maganga aliwatazama wale watu waliokaa juu ya marobota tangu alfajiri, akakubali. Kazi ile inaruhusiwa kufanywa na moto ukiwepo, kwa vifaa kamili, na tulikuwa navyo. Akatandika mkeka, akavaa glovu, akashusha kioo usoni. Mimi nilishika tochi.

Ndani ya ghala harufu ya tumbaku ilikuwa nzito na tamu kama usingizi. Jua lilipita kwenye matundu ya bati na kushuka kama nyuzi. Nati moja ndogo ikawa inamtoroka. Aliikamata ikaanguka, akaiokota ikaanguka tena. Jasho lilimtiririka. Akanyanyua kioo, akavua glovu zote mbili, za ngozi na za mpira, akaziweka juu ya robota.

"Ngoja niikamate hii kwa vidole, mara moja," akasema.

Nilimwona. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika begani. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, na sikusema kitu.

Mlio ulikuwa mfupi, kama fimbo inayovunjika. Alirushwa akadondoka nje ya mkeka. Nilipiga swichi kuu chini, nikapiga magoti, nikamkuta anapumua. Mkono wake wa kushoto sitauelezea. Watu walikuwa wanapiga kelele na kukimbilia mlangoni, na katikati ya kelele hizo akafumbua macho na kunivuta kola.

"Kabula. Sema nilivaa."

Sheria ya Injinia, mwenye kampuni, ilikuwa inajulikana: ukikutwa kwenye moto bila glovu, siku hiyohiyo huna kazi. Maganga alikuwa na watoto watano. Wakati wanaume wanambeba kwenda garini, niliziona glovu pale juu ya robota, kavu, safi, nzima. Nikazichukua zote, nikazunguka nyuma ya ghala, nikazitupa kwenye choo cha shimo. Kisha nikakimbia kupanda gari.

Kesho yake asubuhi Injinia alitukusanya uwanjani. Akaniuliza, nami nikasema alivaa. Nikasema watu walikuwa wengi, sijui glovu zimeangukia wapi.

"Kwa hiyo zilikuwa mbovu," akasema Injinia.

 Mlango wa stoo ukafunguka, Mama Stoo akatoka na daftari lake. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Ya kulia niliipima," akasema. "Ya kushoto sikuipima. Gari lilikuwa linapiga honi, nikaitia mfukoni hivyohivyo."

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Ningeweza kusema wakati ule. Kila sekunde iliyopita ilifanya inayofuata iwe nzito zaidi. Injinia akamwambia, bila ukali, "Usirudie, mama." Mama Stoo akarudi ndani. Siku ile hakutoka kula.

Maganga alikatwa vidole viwili. Alipopona alirudi, akapewa kazi ya ulinzi getini, kwa sababu mkono ule haukufaa tena kwa nyaya. Kila asubuhi Mama Stoo alimpelekea chai kwenye chupa. Ilipofika Juni na baridi yake, alimfumia glovu ya sufu yenye vidole vitatu. Maganga aliipokea ameinamisha kichwa, akaivaa, na kila nilipopita getini tulitazamana kidogo tu, kisha kila mmoja akaangalia upande wake. Tulikuwa tunaogopana.

Tangu hapo hakuna honi iliyomharakisha Mama Stoo. Alipima kila glovu mara mbili, yeye kwanza, kisha wewe mbele yake. Aliongeza poda. Aliziweka mbali na mafuta, mbali na joto la mota, akazikagua kwa kuvuta kila kidole akitafuta nyufa. Kila baada ya muda fulani glovu za namna ile hupelekwa Dar es Salaam zipimwe kwa mashine, na mwaka mmoja baada ya ajali muda huo ulipita kabla jozi mpya hazijafika. Akafunga stoo. Akaweka stuli mlangoni, akaketi, ufunguo kifuani.

Mashine ya kusaga ya kijiji kizima ilikuwa imesimama na sisi tulikuwa tunasubiriwa. Injinia alikuja na uso umevimba.

"Mama, fungua. Ni wiki mbili tu zimepita. Mpira hausomi kalenda."

"Na mimi sijui mpira unasoma nini. Ndiyo maana naupeleka kwa anayejua."

"Naweza kukufukuza."

"Nifukuze. Lakini uniandikie karatasi inayosema umenifukuza kwa nini. Uiandike kwa mkono wako."

 Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha gari, tunatazama. Injinia akaenda ofisini, akapiga simu, na kesho yake jioni glovu zikaja na basi. Tukaenda tukaitengeneza mashine. Hakuna kilichotokea, na hakuna aliyemshukuru. Ajali ambayo haikutokea haina mtu wa kuisimulia. Kwa miaka yote ile alifanya kazi ambayo malipo yake yalikuwa sisi kurudi jioni, kudai saa zetu na pete zetu, na kumuuliza kwa nini makopo yana vumbi.

Lakini nilichokitupa chooni hakikubaki chooni. Siku moja tulikuwa kwenye laini ya Sikonge, na fundi mmoja aliyetoka Nzega alichomeka glovu zake kwenye mkanda, akapanda ngazi mikono mitupu.

"Vaa," nikamwambia.

"Hizi ni za kumridhisha mama yenu," akanijibu akicheka. "Maganga si alivaa?"

Nikamlazimisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa msimamizi. Akavaa kwa kunung'unika.  Jibu nililokuwa nalo lingemaliza kila kitu, na niliposhuka kwenye gari jioni ile niliingia stoo nikiwa nimekusudia kulisema. Nikamkuta ameshikilia glovu shavuni, macho amefumba. Nikangoja. Alipofumbua macho aliniuliza, "Wamerudi wote?" Nikasema wote. "Basi," akasema, akatabasamu, na nikaondoka.

Alistaafu miaka miwili baadaye. Tulimnunulia kitenge na redio. Alihamia Usoke, ambako mume wake alikuwa na shamba, na stoo akapewa mtu mwingine, mwaminifu, lakini hakuwahi kutuota.

Mwaka jana, mwezi wa saba, tulikwenda Usoke kubadilisha transfoma. Tulimaliza Jumamosi mapema. Niliwaacha wenzangu wakila stesheni, nikachukua bodaboda kwenda kwake.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka wa ukindu, anakata viazi vitamu, anavitandaza juani viwe michembe. Uani kote vipande vya rangi ya chungwa vilikuwa vimetandazwa kwenye magunia, na hewa juu yake ilikuwa inacheza kwa joto. Alikuwa amekonda. Kisu kilikwenda chenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kabula. Kaa kivulini. Mikono yako."

Nikamwonyesha. Akaitazama mbele na nyuma, akairudisha.

"Umekuja na neno," akasema. "Mtu wa kusalimia tu hasimami mlangoni muda wote ule."

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka kwa mafungu, ya mwisho mwanzoni. Nilimwambia Maganga alivua, nilimwambia niliona, nilimwambia choo. Aliendelea kukata. Nilipomaliza, kuku alikuwa amefika kwenye gunia, akamfukuza kwa kitambaa.

"Choo kipi?"

"Cha nyuma ya ghala, mama."

"Kilifukiwa kile. Wamepanda mipapai." Akakata kiazi kingine. "Kwa hiyo hakuvaa."

"Hakuvaa."

"Na ya kushoto sikuipima."

"Hukuipima, mama, lakini haikuhusika kabisa."

"Nimekuuliza kama ilihusika?"

 Akaweka kisu chini.

"Miaka tisa," akasema. "Nikilala naihesabu. Nailaza ile glovu shavuni, naisikiliza, inapumua. Asubuhi naamka na shavu la baridi." Hakuwa ananitazama. "Sawa. Hiyo ni yangu na nitajua pa kuiweka. Sikuipima, na angevaa, angevaa ambayo haikupimwa. Hilo halibadiliki kwa sababu wewe umekuja na bodaboda."

"Nilidhani utapumzika ukijua."

"Labda nitapumzika. Si leo." Ndipo akanigeukia, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya Injinia. "Unajua walikuwa wanasema nini wakipita chini ya dirisha langu? Kwamba Maganga alivaa na akaungua. Watu wazima, mafundi. Wanachukua mfuko kwangu kwa heshima, wakifika nje wanasema hizi hazisaidii. Nikawa nawapimia mara mbili, mara tatu, mbele ya macho yao, ili waamini. Na wewe ulikuwa na neno moja la kuwaaminisha, umelikalia."

"Maganga angefukuzwa."

"Angefukuzwa. Na tungempigania, mimi na wewe. Mimi nilijua kumpigania mtu kwa Injinia." Akapumua. "Yuko bado getini?"

"Yuko."

"Kesho baada ya kanisa nenda kwake. Umwambie unakwenda kulisema. Usimwombe ruhusa, umwambie. Jumatatu uwaambie mafundi wako wote, kabla hawajachukua glovu."

"Sijui nitaanzaje, mama."

"Anza hapa. Mimi ndio mafundi."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono imelala mapajani, ananisubiri. Nikasimama katikati ya magunia ya michembe, jua likinichoma utosini, nikasafisha koo.

"Jamani, nataka kuwaambia kuhusu ajali ya Maganga. Siku ile, kwa bahati mbaya, glovu zilivuliwa..."

"Zilivuliwa na nani?"

"Na Maganga."

"Basi sema hivyo. Na bahati mbaya iache. Anza tena."

Nikaanza tena. Nikafika kwenye tochi, nikasema nilikuwa mgeni kazini, nilikuwa mdogo, isingekuwa adabu kumkataza mkubwa. Akanyanyua mkono.

"Wanataka kujua uliona au hukuona."

"Niliona."

"Na ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Anza tena."

Nilikuwa nimeanza kulia. Mume wake alitokea kwenye kona na jembe begani, akatuona, akarudi alikotoka bila kuuliza. Mama Stoo hakuniambia ninyamaze wala hakuniletea maji. Alinisubiri tu, kama alivyokuwa akisubiri mabehewa yaishe.

Nikafuta uso kwa mkono wa shati, nikasimama sawasawa.

"Mimi naitwa Kabula. Siku ile Maganga alivua glovu akashika waya wenye moto kwa mkono mtupu. Mimi nilikuwa pembeni yake na tochi, nikamwona anavua, nikanyamaza. Alipoumia nikazichukua zile glovu, zilikuwa nzima, nikazitupa chooni, nikadanganya kwamba alivaa. Aliyetunza stoo nikamwacha abebe kosa langu miaka tisa."

Safari hii hakunikatiza.